Kabla Macho Hayajawa Manjano

Kati ya Machi na Juni 1981, hospitali tatu za wilaya ya Machakos nchini Kenya zilipokea wagonjwa waliofanana mno. Walianza kwa kukosa hamu ya kula, mwili kuchoka na tumbo kusumbua, pamoja na homa isiyo kali. Baadaye macho yaligeuka manjano na mkojo ukakoza rangi. Waliolazwa walikuwa 20. Kumi na wawili kati yao walikufa, wengine hata kabla ya kumaliza siku mbili wodini, kwa sababu ini lilikuwa limeacha kufanya kazi. Vijijini walikotoka, njiwa na mbwa nao walikuwa wakifa.

Wachunguzi walifuata kile ambacho watu hao na wanyama wao walikula pamoja, wakafika kwenye mahindi yaliyowekwa majumbani. Baadhi ya sampuli zilikuwa na sumukuvu hadi mikrogramu 12,000 katika kilo moja. Kenya ilipokuja kuweka kikomo cha mahindi ya kuliwa, kikomo hicho kilikuwa 20, na baadaye kikashushwa hadi 10.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus pamoja na jamaa zake wachache. Kuvu huyo huishi kwenye udongo na hupenda joto. Ukame unapoudhoofisha mmea, na wadudu wanapozitoboa punje, hupata pa kuingilia mahindi yakiwa bado shambani. Yakivunwa mabichi na kurundikwa bila kukauka, hustawi. Sumu yake haina ladha wala harufu ya kumshtua mpishi, na moto wa jikoni hauimalizi. Ugali ulioiva vizuri kutokana na unga wenye sumu bado ni ugali wenye sumu.

Wakati wa msiba wa Machakos, dunia ilikuwa imeijua sumu hiyo kwa miaka 20 tu. Mwaka 1960, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa katika mashamba ya Uingereza, na kwa kuwa hakuna aliyejua kilichowaua, ugonjwa huo ulipewa herufi X kuwa jina. Chanzo kilikuja kuonekana kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil waliyokuwa wakilishwa. Muda si mrefu, karanga za Afrika Mashariki nazo zilikutwa na sumu hiyo hiyo. Swali likawa wazi: ikiwa inaua ndege kwa wiki chache, je, inawafanya nini watu wanaoila kidogo kidogo, mlo baada ya mlo, maisha yao yote?

Moja ya majibu ya kwanza yenye uzito lilitoka Murang'a, Kenya. Wilaya hiyo huanzia kwenye miinuko yenye baridi ya safu za Aberdare na kushuka hadi nyanda zenye joto upande wa mashariki. Watafiti wawili, Peers na Linsell, walikusanya sampuli za vyakula vilivyopikwa katika kaya za miinuko mitatu tofauti, wakapima sumu iliyomo, kisha wakalinganisha na idadi ya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka kila eneo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1973. Kadiri mtu alivyoishi chini zaidi, ndivyo sahani yake ilivyokuwa na sumu zaidi, na ndivyo saratani ya ini ilivyokuwa nyingi zaidi. Watu walikuwa wa kabila moja, wenye chakula kinacholingana, wanaotenganishwa na mwendo wa saa chache tu. Ni miongoni mwa tafiti muhimu kuwahi kufanywa juu ya ugonjwa huu, na Wakenya wengi hawajapata kuisikia.

Pamoja na hayo, mwaka 2004 msiba ulirudi Ukambani, eneo la Machakos na wilaya jirani, mara hii ukiwa mkubwa zaidi. Mvua zilikuwa mbaya na chakula kilikuwa haba. Watu waliogopa kuibiwa mavuno machache waliyoyapata, wakayaingiza ndani ya nyumba na kuyaweka pale wanapolala, yakiwa hayajakauka. Kufikia tarehe 20 Julai, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, wengi wao kutoka Makueni na Kitui, na 125 walikuwa wamefariki. Katika sampuli za mahindi yaliyokuwa yakiuzwa sokoni katika maeneo hayo, zaidi ya nusu zilivuka kikomo cha mikrogramu 20. Serikali ililazimika kuondoa mahindi hayo na kugawa mengine.

Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania. Katika vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kutokana na mahindi ya nyumbani, na 20 wakafa. Miongoni mwa waliopotea walikuwemo watoto.

Inafaa kueleza kwa nini pigo hili huangukia ini kuliko viungo vingine. Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu na limejificha chini ya mbavu za kulia. Karibu robo tatu ya damu inayoingia humo hutoka moja kwa moja kwenye utumbo na bandama, kupitia mshipa mmoja mnene. Kwa hiyo karibu kila kilicholiwa na kunywewa, chema kwa kibaya, hupita kwanza mikononi mwa ini. Humo sukari huwekwa akiba, protini za kugandisha damu hutengenezwa, nyongo hupikwa, dawa na sumu huvunjwavunjwa ili zitolewe nje. Sumukuvu inapofika, vimeng'enya vya ini huanza kuivunja kama vinavyovunja vitu vingine. Tatizo ni kwamba zao la kuvunjwa huko ni kali kuliko sumu yenyewe. Hung'ang'ania vinasaba vya chembe za ini na kuviharibu. Kiungo kinachoulinda mwili ndicho kinachotengeneza silaha ya kujidhuru.

Ushahidi wa madhara hayo ulionekana mwaka 1991. Makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza uvimbe wa wagonjwa kutoka Qidong nchini China na jingine likichunguza wa kusini mwa Afrika, yaligundua kwamba jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuzuia chembe zisizaliane ovyo, ilikuwa imebadilika mahali pale pale. Sumukuvu huacha alama yake, na alama hiyo ilikuwa moja katika mabara mawili.

Hata hivyo, katika kijiji kimoja, kwenye nyumba zinazokula kutoka gunia moja, si kila mtu aliugua. Hilo liliwasumbua waliochunguza mlipuko wa 2004, wakawalinganisha waliougua na majirani zao wazima. Kuweka mahindi ndani ya nyumba kulihusika, kama ilivyotarajiwa. Lakini damu ilionyesha jambo jingine: waliougua walikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B mara nyingi zaidi kuliko majirani zao. Wengi wao bila shaka hawakuwa wakijua. Sumu ilikuta ini ambalo tayari lilikuwa na mgeni.

Mgeni huyo alitambuliwa kwa bahati. Katika miaka ya 1960, mwanasayansi wa Marekani, Baruch Blumberg, hakuwa akitafuta ugonjwa wa ini hata kidogo. Alikuwa akilinganisha damu za watu wa mataifa mbalimbali ili kuona zinavyotofautiana kwa urithi. Katika damu ya Mwaustralia wa asili alikuta protini asiyoifahamu, na utafiti wa miaka iliyofuata ukaonyesha kwamba protini hiyo ni ganda la kirusi cha homa ya ini B. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kipimo kinachotumika hadi leo, kile cha tone la damu kwenye kijikaratasi, huitafuta protini hiyo hiyo.

Ukubwa wa hatari ulithibitishwa Taiwan. Daktari Palmer Beasley na wenzake waliwafuatilia wanaume 22,707 waliokuwa watumishi wa serikali, wenye virusi na wasio navyo. Matokeo yao ya mwaka 1981 yalionyesha kwamba 41 walikuwa wamekufa kwa saratani ya ini, na 40 kati yao walikuwa na virusi. Utafiti mwingine, uliofanywa Shanghai na kuchapishwa mwaka 1994, uliviweka virusi na sumukuvu pamoja. Aliyekula sumukuvu pekee alikuwa na hatari ya saratani ya ini karibu mara 3 ya mtu asiye na lolote. Mwenye virusi pekee alikuwa nayo mara 7. Aliyekuwa na vyote viwili ilifikia karibu mara 60. Anayetaka kuelewa ini la Afrika Mashariki aanzie kwenye hesabu hiyo, kwa sababu huku virusi na mahindi huishi nyumba moja.

Virusi vya homa ya ini B huambukiza kupitia damu na majimaji ya mwili: wakati wa kujifungua, kwa ngono, kwa sindano na nyembe zilizotumika, na kati ya watoto wadogo wanaocheza pamoja wakiwa na vidonda. Umri wa kuambukizwa ndio huamua karibu kila kitu. Mtu mzima aliyeambukizwa kwa kawaida huvishinda. Wanaobaki navyo ni chini ya 5 katika kila 100. Kwa mtoto aliyeambukizwa akizaliwa, hadi 90 katika kila 100 hubaki navyo maisha yote. Kinga yake changa haivitambui kuwa adui, na ini lake haliumi. Anakua, anasoma, anaoa au anaolewa, na virusi viko naye miaka 30 bila dalili yoyote. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022, watu milioni 254 duniani wanaishi na homa ya ini B sugu, na waliowahi kupimwa na kuambiwa ni 13 tu katika kila 100.

Katika ukanda huu, wengi huambiwa kwa njia mbili wasizotarajia. Wa kwanza ni aliyejitolea damu, ambayo hupimwa kabla ya kutumika. Wa pili ni kijana anayetafuta kazi katika nchi za Ghuba. Kabla ya kupata viza hupimwa afya, na mwenye homa ya ini B huandikiwa kwamba hafai. Anatoka na karatasi yenye habari mbili mbaya kwa wakati mmoja: safari imekufa, na ana ugonjwa ambao hajawahi kuusikia. Mara nyingi hakuna anayekaa naye kumweleza kwamba virusi hivyo haviambukizi kwa kula sahani moja wala kwa kushikana mikono, kwamba wengi walio navyo hawataugua kamwe, kwamba mkewe na watoto wapimwe na wachanjwe wasio navyo. Anarudi nyumbani na siri. Hilo ni kosa la mfumo, na ni kosa linaloweza kurekebishwa kwa mazungumzo ya dakika 15.

Kwenye mwambao wa ziwa Viktoria, ini hupata adui wa tatu. Wavuvi, wanawake wanaofua, watoto wanaoogelea na wakulima wa mpunga hukanyaga maji yenye konokono, na konokono hao huachia vimelea vya kichocho vinavyopenya ngozi. Kichocho cha tumbo, kile cha Schistosoma mansoni, huweka makao kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Minyoo dume na jike huishi wamekumbatiana humo kwa miaka, na jike hutaga mayai mamia kila siku. Mengine hutoka na choo na kurudi ziwani. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini na kunasa. Mwili huyazungushia makovu, yai baada ya yai, hadi njia za damu ndani ya ini zinabanwa. Bandama hufura. Tumbo hujaa. Siku moja mvuvi wa miaka 35, asiyekunywa pombe, anatapika damu beseni zima, na nduguze wanakimbia naye Mwanza.

Madaktari wa hospitali ya Bugando jijini humo wanaijua hali hiyo vizuri. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba chembe za ini la mgonjwa wa namna hii mara nyingi bado ni nzima. Kinachomuua ni mabomba, si kiwanda. Damu ikizuiwa kwa wakati, anaweza kuishi miaka mingi. Na dawa ya minyoo yenyewe, praziquantel, hunywewa mara moja tu na ni ya bei nafuu. Ila haizuii mtu kuambukizwa tena akirudi majini kesho yake, na haifuti makovu yaliyokwisha komaa.

Mkasa wa kichocho na ini una sura nyingine, iliyotokea Misri. Kwa miongo kadhaa, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya huko iliwatibu mamilioni ya wanavijiji wa bonde la Nile kwa sindano za antimoni, mfululizo wa sindano kadhaa kwa kila mtu. Sindano zilikuwa chache, zilitumiwa tena na tena, na kuchemshwa kwake hakukutosha. Nia ilikuwa njema na kichocho kilipungua. Lakini kupitia sindano hizo kilisambaa kirusi ambacho wakati huo hakikuwa hata na jina, cha homa ya ini C. Misri ikaja kuwa nchi yenye maambukizi mengi zaidi ya C duniani, na watu wengi wa kizazi hicho wakaingia uzeeni na ini lililosinyaa.

Misri hiyo hiyo ndiyo iliyoonyesha kinachowezekana. Dawa mpya za vidonge zilipopatikana, zenye uwezo wa kumponya mgonjwa wa C katika wiki 12, ilijadili bei na kuanza kuzitengeneza nchini. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 iliwapima watu karibu milioni 50, katika zahanati, misikitini, vyuoni na kwenye vituo vya treni. Aliyekutwa na virusi alipewa matibabu bure. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua kuwa nchi ya kwanza kufika hatua ya juu kwenye njia ya kuiondoa homa ya ini C.

Vyanzo vingine vinastahili maneno machache. Pombe huliharibu ini kwa hatua: kwanza mafuta hujazana, kisha ini huvimba, mwisho makovu. Hatua ya kwanza hurudi nyuma ndani ya wiki chache mtu akiacha, na wanawake huumizwa na kiasi kidogo cha pombe kuliko kile kinachowaumiza wanaume. Mafuta hayo hayo sasa yanaonekana Nairobi na Dar es Salaam kwa watu wasioonja pombe, wenye kisukari na kitambi, wanaokunywa soda kila siku na kukaa ofisini. Paracetamol ikizidishwa mno inaweza kuliua ini kwa siku tatu au nne. Baadhi ya mitishamba hufanya hivyo pia, polepole zaidi.

Lakini pombe imebeba lawama kuliko fungu lake, na lawama hiyo inaua. Mtu mwenye macho ya manjano huulizwa kwanza alikuwa akinywa wapi. Bibi wa Makueni ambaye hajawahi kuonja chang'aa, mwanafunzi aliyezaliwa na virusi, mvuvi wa Ukerewe, wote hupokelewa kwa jicho lile lile. Wengine hujificha. Familia huona aibu kutaja jina la ugonjwa hata msibani. Na wale wanaokunywa kweli, ambao ini lao lingeweza kuokolewa, huogopa kupimwa wasije wakahukumiwa. Aibu haijawahi kuponya ini la mtu yeyote.

Ini likishaumizwa kwa miaka, kwa njia yoyote ile kati ya hizo, mwisho wa safari hufanana. Makovu huchukua nafasi ya nyama laini na ini husinyaa na kuwa gumu. Kwa muda mrefu mgonjwa hahisi kitu, kwa kuwa sehemu iliyobaki nzima hubeba kazi yote. Ini lina uwezo huo wa ajabu: mtu akikatwa zaidi ya nusu ya ini lake ili kumpa nduguye, lililobaki hukua tena ndani ya miezi michache. Aliye katika hatua ya kusinyaa kimya kimya anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Matatizo yakianza kujitokeza, muda hupungua hadi miaka 2 hivi kwa wastani, asipopata ini jingine.

Tatizo la kwanza huletwa na msongamano. Damu ya utumbo ikikuta ini limebana, hufanya kama maji ya mfereji uliozibwa: hupanda kingo na kutafuta vijia vya pembeni. Vijia hivyo ni mishipa midogo ya umio, ambayo hutanuka hadi ukuta wake unakuwa mwembamba na kupasuka. Ndipo matapishi ya damu, au choo cheusi kama lami. Katika hospitali zenye kifaa cha kuchungulia tumboni, daktari huifunga mishipa hiyo kwa vijipete vya mpira. Propranolol, dawa ya zamani na ya bei ya chini, hupunguza uwezekano wa kupasuka. Inapatikana hata kwenye maduka mengi ya dawa ya wilayani, ingawa inahitaji daktari anayejua ini.

Msongamano huo huo, pamoja na upungufu wa protini ambayo ini lilipaswa kuitengeneza, husukuma maji yajae tumboni. Miguu huvimba, mashavu yanabonyea, tumbo linakuwa la mjamzito kwa mwanamume. Chumvi ikipunguzwa na dawa za kukojoa zikitumika, maji hupungua. Yakigoma, hutolewa kwa sindano. Hatari iliyojificha ni bakteria kuingia kwenye maji hayo. Mwenye maji tumboni anayepata homa au maumivu mapya anastahili kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu kuna lile ambalo familia nyingi huliona kuwa kazi ya majini. Ini likishindwa kuondoa amonia inayotoka utumboni, sumu hiyo hufika kwenye ubongo. Mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku. Mikono inapepesuka akiinyoosha. Mtu mpole anakuwa mkali, anasahau majina ya wanawe, anavua nguo mbele ya wageni, kisha anazama kwenye usingizi mzito. Ndugu humpeleka kwa mganga, naye hupewa mitishamba ambayo ini lake haliwezi kuibeba. Yote haya mara nyingi huchochewa na mambo madogo: kufunga choo kwa siku kadhaa, maambukizi, damu iliyovujia tumboni, dawa za usingizi. Laktulosi, sharubati tamu ya kulainisha choo, huweza kumrudisha mgonjwa wa namna hii katika akili zake ndani ya siku moja au mbili, mbele ya macho ya waliokwisha kukata tamaa.

Saratani ndiyo ya mwisho, ingawa kwa mwenye virusi B inaweza kuja hata kabla ini halijasinyaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi 9 za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo. Ukiiacha Misri, mgonjwa wa kati alikuwa na miaka arobaini na kitu, umri wa kusomesha watoto, na aliishi takriban miezi 2 na nusu tangu kugunduliwa. Karibu wote walifika wakiwa wamechelewa mno kwa matibabu yoyote ya kuushughulikia uvimbe wenyewe. Nchini Misri, ambako wenye ini bovu huchunguzwa mara kwa mara kwa mashine ya ultrasaundi, wagonjwa waliishi karibu miezi 11.

Pengo kati ya miezi hiyo miwili na nusu na ile 11 halitokani na miujiza ya upasuaji. Linatokana na kujulikana mapema. Mwenye virusi B anayejulikana huangaliwa ini kila baada ya miezi 6, na ikibidi hupewa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku kinachovilaza virusi na kupunguza hatari ya saratani. Kidonge hicho kimejaa Afrika, kwa sababu ni sehemu ya dawa za ARV. Anayeishi na VVU pamoja na homa ya ini B hutibiwa yote mawili kwa wakati mmoja, bure, katika kliniki yake. Mwenye homa ya ini B peke yake, katika sehemu nyingi za bara hili, huambiwa dawa hiyo si ya mpango wake, akainunue. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lililegeza masharti ya nani aanzishiwe dawa, na sasa kazi iko kwa wizara za afya kuzifungua stoo zake kwa wagonjwa wote wanaoihitaji.

Upande wa shambani, mambo mengi hayangoji wizara. Mahindi yanapaswa kuanikwa juu ya turubai, yasiguse udongo, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Asiye na mashine hutumia chupa na chumvi: punje chache na chumvi kavu hutikiswa pamoja kwa dakika chache, na chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kutobolewa huchaguliwa na kutupwa, wala si kupewa kuku au ng'ombe, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Wakamba wana muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ganda, na watafiti wa Kenya walikuta mwaka 2008 kwamba ukoboaji huo hupunguza sumukuvu kwa karibu nusu. Dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ina sifa zake za lishe, na zinastahili. Ila dona ya mahindi yenye kuvu huingiza yote mezani. Kwa wakulima wa eneo lenye historia ya sumu kuna pia Aflasafe, punje zilizopakwa kuvu wasio na sumu, zinazonyunyizwa shambani wiki chache kabla ya mahindi kutoa maua ili wawanyang'anye nafasi wale wenye sumu. Imesajiliwa Kenya na Tanzania.

Na upande wa virusi, chanjo ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na ndani ya muda mfupi saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilipungua kwa karibu nusu: mara ya kwanza katika historia chanjo kuonekana ikizuia saratani ya binadamu. Kenya iliiingiza kwenye ratiba ya watoto mwaka 2001, Tanzania na Uganda mwaka 2002, ndani ya sindano ya wiki ya 6, 10 na 14. Vijana waliozaliwa baada ya hapo wamelindwa kuliko wazazi wao. Lakini mtoto wa mama mwenye virusi hawezi kungoja wiki ya 6. Anahitaji dozi ya kwanza ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na kwa takwimu za 2022, kati ya watoto 100 wanaozaliwa katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, walioipata ni 18 tu.

Dozi hiyo haigharimu hata dola moja. Mtoto aliyezaliwa hospitali au zahanati tayari hudungwa BCG na kudondoshewa matone ya polio katika siku zake za kwanza, na muuguzi yule yule, katika chumba kile kile, angeweza kuitoa.